Goti la Babu Hector na Hali ya Hewa ya Mkoa

Glen Orrin
Jumapili, 6 Juni 1971

Shangazi Nettie mpendwa,

Shikamoo. Leo ni tarehe sita Juni, na ninaapa kukueleza kila kitu. Mwalimu wetu, Bi. Pringle, anasema anayeandika barua na kuruka jambo lenyewe amepoteza stempu bure, kwa hiyo usishangae barua hii ikiwa ndefu.

Sisi sote hatujambo. Mama bado anaendesha basi la shule na bado anawafokea watoto wa Cuthill kwa kurushiana maganda. Baba ana mafua. Bibi anakusalimu sana na anasema sweta lile la kijani usilifue kwa maji ya moto. Mbwa wetu Toss alikula sabuni akatoa povu siku nzima, lakini amepona na sasa ananukia vizuri.

Sasa jambo lenyewe. Babu hajalitaja jina lako tangu Krismasi. Sababu unaijua, lakini nimeapa, basi nitaiandika. Babu alikuwa mezani akimweleza jirani yetu Bwana Cuthill kwamba goti lake, lile alilovunjwa na kondoo dume ujanani, limetabiri mvua. Bonde zima huliuliza goti hilo kabla ya kukata nyasi, kunyoa kondoo au kupanga harusi. Nawe, uliyesomea hali ya hewa, ukasema: “Baba, goti hilo linauma kila siku, hata jua likiwaka. Nimekaa nalo nyumba moja miaka ishirini.” Bwana Cuthill alicheka mpaka meno yake ya bandia yakaangukia kwenye bakuli la kastadi. Babu akainuka akaenda kuwalisha mbwa, na mbwa walikuwa wameshakula.

Siku ulipoanza kusoma hali ya hewa redioni, Babu aliifunga redio ya jikoni kwenye blanketi akaipeleka darini. “Sitafundishwa mvua na kisanduku,” alisema.

Lakini kuna jambo silielewi. Kila asubuhi saa moja na nusu Babu huenda kwenye banda la magari. Anasema anakwenda kumwangalia Toss. Toss hulala jikoni, miguuni petu, na sote tunamwona. Kisha Babu hurudi, hukaa, hulisugua goti na kusema, “Goti linasema mawingu yataongezeka mchana, na vipindi vya jua kaskazini mwa mkoa.” Sijui goti linapataje habari za kaskazini mwa mkoa, maana halijavuka daraja tangu Aprili. Tena pikapu yetu, inayowekwa humo bandani, imegoma kuwaka mara kadhaa. Baba aliuliza, “Nani anamaliza betri?” Babu akajibu, “Baridi.”

Ningekupigia simu, lakini laini yetu tunaitumia nyumba sita pamoja, na Bi. Cuthill akisikiliza hupumua kwa nguvu.

Je, utakuja lini? Chumba chako kipo. Kina magunia ya viazi kidogo tu.

Mpwa wako,
Ailsa


Dunedin
21 Juni 1971

Ailsa mpenzi,

Marahaba. Mwambie baba yako anywe asali. Mwambie Bibi kwamba sweta limeshafuliwa, na sasa linamtosha paka wa mwenye nyumba wangu. Mama huyo ni mkarimu sana, ila kabichi huichemsha kana kwamba imemkosea.

Kazi inaendelea. Kila asubuhi nasoma mtazamo wa hali ya hewa wa mkoa, baada ya bei za sufu na kabla ya matangazo ya vifo. Watu wa mjini husema nina sauti ya kutuliza. Huenda ni kwa sababu wananisikia wakiwa bado wamelala.

Kuhusu Babu yako sina la kusema.

Nauliza tu, kwa ajili ya kazi: una hakika goti lilisema “vipindi vya jua”? Halikusema “jua la hapa na pale”? Mwenzangu hupenda kusema “jua la hapa na pale”. Mimi husema “vipindi vya jua”.

Jumatatu ijayo, tarehe ishirini na nane, goti likizungumza, sikiliza neno kwa neno. Usiniulize kwa nini.

Shangazi yako,
Nettie


Glen Orrin
Jumapili, 11 Julai 1971

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Baba amekunywa asali, mafua yamepona, sasa ameniambukiza mimi. Bibi amesikitika kuhusu sweta na anafuma jingine, la kahawia, ambalo anasema haliogopi maji. Shuleni nimepata alama nzuri kwa insha yangu “Faida za Matope”.

Jumatatu ile nilisikiliza kama ulivyoniagiza. Babu aliingia, akakaa, akalisugua goti.

“Goti linasema leo kutakuwa na manyunyu yenye hila, yatakayojifanya yamekwisha.”

Bibi aliweka mwiko chini. “Hector. Goti limesema hivyo?”

“Limesema.”

“Yenye hila?”

“Ndivyo lilivyosema, Effie. Mimi silipangii maneno.”

Mchana huo, mnadani, aliwaambia wanaume wote vivyo hivyo. Bwana Cuthill akamwambia, “Hector bwana wangu, goti lako limeanza kusoma vitabu siku hizi?” Wote wakacheka. Lakini hawakuvua makoti, na manyunyu yalikuja, yakakatika, na walipotoka nje yakarudi na kuwalowesha shingo. Babu alitembea kwa maringo wiki nzima. Nadhani hata kuchechemea kulipungua.

Bibi alicheka mpaka akalazimika kukaa kwenye ndoo. Nilimuuliza anacheka nini, akasema anacheka tanipu alizokuwa anamenya.

Shangazi, hukunijibu kuhusu kuja. Wanyoaji wanakuja Agosti kuyanyoa majike ya kondoo kabla hayajazaa. Tutapika mikate ya kukunja yenye jibini, ile unayoipenda, na utanisaidia kuibeba mpaka bandani. Utakuja?

Mpwa wako,
Ailsa


Dunedin
3 Agosti 1971

Ailsa mpenzi,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa, kazi ilinizidi. Pole kwa mafua, na hongera kwa insha. Ningependa kuisoma, maana sikuwahi kuiona faida hata moja.

Sijui unazungumzia nini kuhusu manyunyu. Hayo ni maneno ya kitaalamu.

Siwezi kuja kwenye unyoaji. Ratiba ni ngumu. Pia mtu akienda kwenye nyumba ambayo jina lake halitajwi, wataanzaje kumkaribisha mezani? Bibi atalazimika kusema, “Haya, wewe pale karibu na chumvi.” Hayo tuyaache.

Ila niandikie majike yatawekwa wapi baada ya kunyolewa. Nauliza kwa ajili ya kazi.

Mbusu Bibi. Mpapase Toss kichwani.

Shangazi yako,
Nettie


Glen Orrin
18 Agosti 1971

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimembusu Bibi, na Toss nimempapasa. Mikate ya jibini iliisha yote kabla sijafika mwisho wa foleni ya wanyoaji, na mnyoaji mmoja alinipa nusu ya wake.

Majike yote yamenyolewa. Yanaonekana kama wazee waliotoka kuoga wakakuta nguo zao zimeibiwa. Yanatazamana kwa aibu. Kuzaa kutaanza Septemba, na Bibi anasema mwaka wetu wote uko ndani ya matumbo hayo.

Uliuliza yako wapi. Yako kwenye korongo la nyuma, kule nyuma ya banda la sufu, kwa sababu ndiko nyasi zilikobaki. Baba alisema, “Baba, kule ni wazi kabisa upande wa kusini. Upepo ukigeuka, hakuna hata kichaka.” Babu akasema goti linaona wiki tulivu. Na kweli, jana goti lilisema “shinikizo kubwa la hewa limetanda juu ya kisiwa chote”, basi Baba akaacha kubisha.

Sijakuuliza tena kuhusu kuja, ili nisikuchoshe. Lakini magunia ya viazi nimeyahamisha.

Mpwa wako,
Ailsa


Glen Orrin
Jumapili, 29 Agosti 1971

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Barua yangu hukuijibu. Yaani uliijibu, lakini si kwa posta.

Jumanne asubuhi kulikuwa na joto kama Januari, katikati ya kiangazi. Upepo ulitoka kaskazini-magharibi, mbingu bluu tupu, na Mama akaanika mablanketi yote. Nilimfuata Babu bandani nikajificha nyuma ya magunia ya mbolea. Alipanda pikapu, akafunga madirisha, akavua kofia, akawasha redio. Sauti yako nikaisikia hata kupitia kioo.

Ulisema: “Mtazamo wa hali ya hewa wa mkoa kwa wiki isiyotulia. Joto la asubuhi lisimdanganye mtu. Upepo utageuka ghafla mchana na kutoka kusini, pamoja na mvua ya mawe, na theluji itashuka mpaka mabondeni. Wafugaji wenye kondoo walionyolewa wachukue tahadhari.”

Kisha ukanyamaza. Nilidhani betri imekufa.

Halafu ukasema: “Hasa walio kwenye korongo la nyuma, kule nyuma ya banda la sufu. Washushwe chini ya misonobari kabla ya chakula cha mchana. Leo. Si kesho.” Na hapo hapo ukaingia kwenye matangazo ya vifo, ukiyasoma haraka kuliko heshima inavyoruhusu.

Babu aliisogelea redio. Kisha akaiambia redio neno. Najua nimeapa, lakini neno hilo nimeliacha kwanza, kwa sababu hakujua kuna mtu anamsikia.

Alirudi jikoni bila kofia.

“Kondoo washushwe kutoka korongo la nyuma,” alisema. “Sasa hivi.”

Baba alitazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka. “Goti limesema?”

“Limepiga mayowe.”

“Baba, juzi tu lilisema wiki tulivu.”

“Limebadilisha mawazo! Goti haliwezi kubadilisha mawazo? Vaa buti, we kijana!”

Baba ana miaka arobaini na moja.

Mama alikuwa ameshawachukua watoto wa shule. Bibi alisimama katikati ya barabara akiwa na aproni na mwiko, akalisimamisha basi. “Hakuna hisabati leo,” aliwaambia. “Shukeni.” Watoto wote wakashuka, hata wale wa Cuthill, tukapanda mlimani na kuwasukuma kondoo kuteremka, tukipiga makofi na kuimba nyimbo za shule. Majike yenye mimba hayapendi haraka. Manane yalikaa chini yakakataa kabisa, basi Mama akaleta basi mpaka kwenye lango la chini, tukayapandisha moja moja. Moja lilikaa kiti cha mbele na kutazama nje kama mama mkwe.

Upepo uligeuka tukiwa tunafunga lango la misonobari. Joto lilikatika kama mlango uliofungwa kwa nguvu. Mvua ya mawe ilianza kabla sijavaa kofia, na ilipofika jioni korongo la nyuma lilikuwa jeupe tupu, huoni hata nguzo za ua.

Tulipoteza jike moja tu, na hilo lilikuwa zee sana, na Babu anasema lilikusudia. Bi. Pringle alitupokea shuleni siku mbili baadaye na akakuta kinyesi kwenye basi, ila alipoelezwa akaliita tukio zima somo la maarifa.

Na sasa sikiliza. Kumbe kila shamba hapa lina korongo la nyuma, nyuma ya banda la sufu! Bwana Cuthill alidhani umesema lake. Akina McRorie walidhani umesema lao. Bonde zima liliteremsha kondoo, na kila mmoja anajiuliza ulimjuaje. Bi. Cuthill anaapa kwamba umewahi kupita kwao ukachungulia.

Bwana Cuthill alikuja kushukuru. “Hector, goti lako na binti yako wamesema kitu kimoja siku moja.”

“Hutokea,” Babu akasema.

Mpwa wako,
Ailsa


Dunedin
9 Septemba 1971

Ailsa mpenzi,

Marahaba. Hii itakuwa fupi.

Nina mafua kidogo, ndiyo maana hunisikii. Mkuu wangu kwa wema wake amenipa wiki kadhaa za kupanga mafaili. Anasema mtazamo wa mkoa ni wa mkoa, wala si wa jamaa. Pia mama mmoja wa mjini alipiga simu kuuliza korongo la nyuma ni mtaa gani, na kama amwingize kasuku wake ndani. Mkuu hakucheka. Bwana Melhuish anasoma kwa sasa. Ana sauti nzuri, kama mtu anayesoma maelezo ya kupaka rangi.

Nimefurahi sana kuhusu kondoo. Nimeisoma barua yako mara nyingi, hasa pale pa kiti cha mbele.

Umesema aliiambia redio neno. Lilikuwa neno gani? Nauliza kwa ajili ya kazi.

Nettie


Glen Orrin
16 Septemba 1971

Shangazi Nettie mpendwa,

Shikamoo. Bibi amesema hakuna mafua yanayomkataza mtu kusoma hali ya hewa lakini yakamruhusu kupanga mafaili. Anakutumia sweta la kahawia.

Wanakondoo wameanza kuzaliwa, wengi wao mapacha. Hivi ninavyoandika kuna mmoja kwenye boksi karibu na jiko, na Toss anamlamba kana kwamba amemzaa yeye.

Lakini goti limenyamaza. Tangu Bwana Melhuish aanze, Babu huenda bandani na kurudi hata chai yake haijapoa. Tukimuuliza goti linasemaje, anasema, “Halisemi.” Watu wanapiga simu. Bwana Cuthill alikuja mwenyewe, kofia mkononi kama mtu aliyekuja msibani. “Hector, nataka kupanda shayiri. Nipe hata neno moja.” Babu akamwambia goti linapumzika. Pikapu sasa inawaka kila siku, na Baba anasema hajawahi kuhuzunika hivi kwa kitu kinachofanya kazi.

Jana Bibi alipanda darini, akaishusha redio, akaifungua blanketi lake na kuiweka mezani kati ya siagi na birika. Babu aliisogeza siagi, ili antena ipate nafasi.

Sasa nakujibu swali lako. Asubuhi ile kwenye pikapu, ulipomaliza kusema “Leo. Si kesho,” Babu aliiwekea redio mkono juu, akasema: “Haya, nimesikia, mama.” Ndivyo alivyosema. “Haya, nimesikia, mama.”

Nilipokuwa naandika hapo juu, Babu aliingia na mwanakondoo kwapani. Akasimama nyuma yangu.

“Unamwandikia nani?”

Nikamwambia, “Shangazi.”

“Shangazi yupi?”

“Nina mmoja tu, Babu.”

Akamlaza mwanakondoo kwenye boksi. Akazunguka meza. Akaigusa redio, akaiacha. Kisha akasema, “Muulize Nettie.”

Shangazi, alisema hivyo hivyo, Nettie! Bibi aliyekuwa akikanda unga akasimama na mikono hewani.

“Muulize Nettie,” alisema, “Jumapili ya tarehe ishirini na sita, hiyo barabara ya kutoka Dunedin mpaka hapa itakuwaje. Kwa mtu mwenye gari dogo. La bluu. Lenye matairi mabovu, kama bado hajabadilisha.”

Nikamwambia, “Babu, si uliulize goti?”

Babu akakaa na kunyoosha mguu.

“Goti hili linauma kila siku, mjukuu wangu,” akasema. “Hata jua likiwaka.”

Mama anaondoka na basi baada ya dakika chache na ataipeleka barua hii posta, kwa hiyo sina nafasi ya kumalizia vizuri kama tulivyofundishwa. Chumba chako nimekifagia. Bibi ameshachagua mguu wa kondoo wa kuoka. Tafadhali jibu mara moja kwa posta, maana Babu ameketi karibu na dirisha na tayari ameanza kumtazamia mleta barua: Jumapili hiyo, Shangazi, hali ya hewa njiani itakuwaje?